Mama Fundi Anajibu: Cha Kuazima Hakinunuliwi

Barua za safari hii zimekuja na jambo moja: desturi za kuombea heri harusi, zile zilizotoka Ulaya zikasambaa pamoja na gauni jeupe na shela. Nimeshona magauni hayo kwa miaka 32, kwa hiyo nitajibu kama fundi. Naanza na mbili fupi, kwa sababu ya tatu imenikalia moyoni.

*Mama Fundi, tumekatazwa kurusha mchele maharusi wakitoka kanisani. Tumeambiwa ndege wakiula unawavimbia tumboni wanakufa. Ni kweli? — Mpambe*

Si kweli. Ndege hula mpunga mashambani na huruka zao salama. Mchele ulirushwa kwa kuwa ni nafaka: maharusi wapate watoto, na chakula kisikauke nyumbani. Sababu nzuri ya kuukataza ni ngazi. Punje zikimwagika kwenye sakafu laini zinateleza vibaya, na nimewahi kumwona mama wa bwana harusi akianguka nazo siku ya furaha yake. Rusheni petali za waridi, ila mzikaushe siku kadhaa kabla. Petali mbichi ikikanyagwa juu ya pindo jeupe huacha doa ambalo mimi mwenyewe nimeshindwa kulitoa.

*Mama Fundi, mpiga picha anataka nionane na mchumba wangu saa mbili kabla ya ibada ili tupate picha nzuri za wawili. Mama hataki hata kusikia, anasema ni mkosi. Nimsikilize nani? — Bwana harusi*

Msikilize mama. Husimuliwa kwamba katazo hilo lilianza enzi za ndoa za kupangiwa, wazee wakihofia mmoja akimwona mwenzake mapema atageuza nia. Hofu hiyo ninyi hamnayo. Lakini mimi nimesimama nyuma ya mabibi harusi wengi nikiwanyooshea mkia wa gauni mlangoni, nikaona uso wa bwana harusi anapogeuka kumtazama kwa mara ya kwanza. Uso ule huja mara moja. Picha za wawili mtapiga baada ya ibada, mwanga bado upo.

Sasa hii ya tatu.

*Shikamoo Mama Fundi. Naolewa miezi miwili ijayo. Mchumba wangu ni Mwingereza. Bibi yake mzaa baba, mwenye miaka 84, amenitumia sarafu ndogo iliyofungwa kwenye kitambaa, akasema niivae ndani ya kiatu siku ya harusi. Yeye aliivaa, na binti zake wawili waliivaa. Imeandikwa 1946. Akaniuliza pia nimepata wapi kitu cha kuazima na kitu cha buluu, nikakosa la kumjibu. Rafiki yangu amenionyesha kisanduku kinachouzwa kwenye intaneti chenye vyote: cha zamani, kipya, cha kuazima na cha buluu. Ninunue yaishe? Na haya mambo bado yapo, au yamebaki kwa wazee tu? Gauni nimelinunua likiwa tayari, halihitaji hata kupunguzwa. — Bibi harusi mtarajiwa*

Marahaba, mwanangu. Kisanduku usinunue.

Kwanza ujue ulichotumiwa. Hiyo ni peni sita, nusu ya shilingi ya Kiingereza. Igeuze, utaona taji na chini yake herufi GRI, alama ya Mfalme George wa 6. Ya 1946 ni katika za mwisho kuchanganywa madini ya fedha, nusu kwa nusu. Kuanzia 1947 zilitengenezwa kwa shaba na nikeli. Peni sita za matumizi ya kawaida zilikoma na zile zilizoandikwa 1967, na mwaka 1980 zikaacha kupokelewa kama pesa. Dukani hiyo sarafu hainunui kitu. Imebaki na kazi moja, nayo ni hiyo uliyopewa.

Maneno aliyokuuliza bibi ni ya shairi fupi la Uingereza la karne ya 19: kitu cha zamani, kitu kipya, kitu cha kuazima, kitu cha buluu, na peni sita ndani ya kiatu. Cha zamani ni cha ulikotoka. Kipya ni cha unakokwenda. Buluu ni uaminifu, na ndiyo maana mabibi harusi wa kizazi chake walivaa utepe wa buluu pajani au wakashonewa kifundo kidogo ndani ya bitana, pasipoonekana. Nimeshona vifundo hivyo vingi sana. Sasa hupita mwaka mzima bila kuombwa hata kimoja.

Cha kuazima ndicho kinachonifanya niandike kwa urefu. Sisi tumezoea kuambiwa nguo ya kuazima haisitiri maungo. Katika desturi hii mambo ni kinyume kabisa: unatakiwa uazime, tena kwa mwanamke ambaye ndoa yake imetulia, ili ukivaa kitu chake uondoke na sehemu ya bahati yake. Baada ya harusi unakirudisha. Maana yake inabidi ukae ufikirie ni nani unayemjua mwenye ndoa unayoitamani, uende kwake, useme, "Niazime pini yako." Unadhani mwanamke yule atasikiaje? Kisanduku kina leso iliyotariziwa neno "kuazima". Umeiazima kwa nani?

Umeuliza kama mambo haya bado yapo. Mengi yanaondoka, na kila moja lina sababu yake. Uingereza bibi harusi aliyekutana na mfagia dohani, yule anayesafisha bomba la moshi la nyumba, njiani kwenda kanisani alihesabu amepata heri, akampa mkono pamoja na masizi yake. Kisha ukaja moshi mzito wa London wa Desemba 1952 ulioua maelfu ya watu, ikatungwa sheria ya hewa safi mwaka 1956, majumba yakaacha makaa ya mawe, baadaye yakahamia gesi. Wafagia dohani wakapungua, na bahati ya kukutana nao ikapungua. Wapo leo wanaomkodi mfagiaji aje asimame mlangoni mwa kanisa na brashi yake. Inapendeza pichani, ila mtu uliyemlipa aje hujakutana naye kwa bahati.

Keki nayo ilikuwa ya matunda makavu iliyonyweshwa brandi, ikidumu miezi na miezi, na ghorofa ya juu ilihifadhiwa hadi ubatizo wa mtoto wa kwanza. Keki za siku hizi ni za sponji na krimu, wiki haziimalizi.

Na mambo mengine yamekataa kufa. Ujerumani, jioni ya kuamkia harusi au siku chache kabla, majirani na marafiki huja na sahani kuukuu wakazipasua mlangoni, na maharusi huzoa vigae pamoja. Glasi hawapasui, wanasema huo ni mkosi. Inaendelea kwa kuwa watu wanakuja wenyewe, na sahani zao mkononi. Sweden mama humwekea binti sarafu ya dhahabu katika kiatu cha kulia, baba ya fedha katika cha kushoto. Tazama utaona ni mkono wa mtu fulani kila mahali: anayeazima, anayeweka, anayepasua. Palipokosekana mtu wa kuifanya, desturi ilikwisha.

Kuna moja ya kwetu mafundi ambayo inafia mikononi mwangu. Fundi aliyenifundisha kazi hakumaliza gauni la harusi hata siku moja. Aliacha mshono wa mwisho, sindano ikining'inia kwenye uzi, akaja kuumaliza asubuhi yenyewe bibi harusi akiwa amesimama tayari kutoka. Gauni likimalizika mapema, alisema, ni kana kwamba harusi imekwishahesabiwa kabla haijafika. Kwa sababu hiyo hiyo hakuruhusu bibi harusi ajitazame kwenye kioo akiwa amevaa kila kitu. Kwenye vipimo alimvua kiatu kimoja au shela ikabaki kwenye kiti. Na sisi wasichana tuliokuwa tukijifunza kwake tulikuwa na letu la siri: unashona unywele wako mmoja ndani ya pindo, upate mume. Nilifanya hivyo kwenye gauni la hariri lenye pindo la mita nne, na mwaka uliofuata niliolewa. Sidai ni unywele. Lakini gauni lile nalikumbuka kuliko langu.

Sasa wewe umenunua gauni limekwisha, na sikulaumu. Wengi hufanya hivyo. Ndiyo maana mshono wa mwisho hauna tena mtu wa kuushona.

Basi fanya hivi. Sarafu ni ya kiatu cha kushoto. Usiiache huru chini ya kisigino, utachechemea kabla ya salamu za kwanza. Inua soli ya ndani, iweke kwenye upinde wa wayo, mahali mguu haugusi chini, uishike kwa plasta ya kitambaa. Ina upana wa milimita 19 tu. Ikikaa hapo hutaisikia. Kabla ya hapo muulize bibi: amekupa au amekuazima? Ikiwa amekuazima, umepata cha zamani na cha kuazima kwa mkupuo mmoja, na utairudisha mkononi mwake mwenyewe. Ikiwa amekupa, kaazime kitu kwa mwanamke mwingine. Usiogope kumwambia sababu.

Kisha chukua wembe, ugeuze pindo la gauni nyuma, upande wa ndani, ufumue mishono ya urefu wa vidole viwili. Haitaonekana. Nunua uzi wa buluu, na huo ndio ununuzi pekee ninaokuruhusu. Asubuhi ya harusi, ukishavaa kila kitu, mpe bibi kiti kifupi nyuma yako na umwombe akushonee pale. Kwa umri wake huenda tundu la sindano limeanza kumpotea, kwa hiyo mtungie uzi usiku wa kuamkia harusi, sindano mbili au tatu, uzichomeke tayari kwenye kile kitambaa alichofungia sarafu.