Kiingilio cha Kujipangia: Ulipe Kiasi Gani?

Vipo vikundi vya maigizo vinavyomwachia mtazamaji ajipangie kiingilio, na kwa kuwa mimi huhudhuria maonyesho ya namna hiyo mara kwa mara, nimeona kwamba kinachowatatiza wengi ni haya kuliko uhaba wa fedha. Mtu anafika dirishani, anaambiwa alipe anachoweza, anamtupia jicho aliye nyuma yake, kisha anataja kiasi ambacho hakukikusudia.

Dawa ya hilo ni kuamua ungali nyumbani. Soma tangazo vizuri, maana taratibu hazifanani. Wengine huweka ngazi kadhaa za bei, ili wanaolipa ya juu wawafidie wanaolipa ya chini. Wengine hutaja bei elekezi tu. Na wapo wasiopokea chochote hadi onyesho liishe. Ukumbi wa ARC ulioko Stockton, Uingereza, ulianza utaratibu huo wa mwisho mwaka 2015, na binafsi naupenda kuliko yote, kwani ni vigumu kuithamini tamthilia usiyoijua, ilhali ukishaitazama unaweza kuipima kwa haki. (Ni kweli pia kwamba kikapu kilichowekwa mlangoni, kando ya mwigizaji ambaye bado ana rangi usoni na jasho shingoni, humlegeza hata bahili.)

Kuhusu kiasi chenyewe, mimi hujiuliza ni fedha ngapi ningetumia kwa jioni moja ya starehe bila kuvuruga bajeti ya mwezi, nikatoa nauli, na kinachobaki ndicho kiingilio changu. Kama kinaangukia ngazi ya chini, nalipa ya chini bila kujieleza, kwa sababu ngazi hiyo imewekwa itumike. Kodi ya ukumbi, maleba na ujira wa mafundi wa taa havipungui kwa kuwa viti viko vitupu, na kiti kisichopata mtu pazia likifunguliwa hakiuziki tena usiku huo. Kwa hiyo anayelipa kidogo na kukikalia hakitii kikundi hasara. Hata hivyo, uliza kama tiketi za bei ya chini zina idadi maalumu, kwani zikiwa na kikomo, mwenye uwezo anayezichukua anamfungia mlango asiye nao.

Jambo linaloumiza zaidi, kwa maoni yangu, ni kushikiwa kiti kwa bei ndogo kisha kutotokea, kwa kuwa fedha iliyotoka ni kidogo na haimuumi mtu. Ukipata dharura, toa taarifa mapema ili kiti kiuzwe upya.

Uliza vilevile kama viti vina namba, kwa kuwa mara nyingi bei unayoichagua haikupi nafasi ya mbele, na pasipo namba atakayeona jukwaa vizuri ni aliyewahi. Na mwezi ukiwa na neema, badala ya kujilipia maradufu, ulizia dirishani kama unaweza kumlipia mtazamaji mwingine usiyemjua.