Uliza Ujibiwe: Mbona Waustralia wamechoshwa na viongozi wao?

SWALI: Ndugu Mhariri, Australia husifiwa kuwa nchi tajiri na yenye amani, ambayo matokeo ya uchaguzi wake hayagombaniwi mahakamani kila mara. Hata hivyo kuanzia mwaka 2010 hadi 2018 ilikuwa ikibadilisha mawaziri wakuu mfululizo, na wengi wao hawakuondolewa na wapiga kura. Ni nani aliyewaondoa, na kwa mamlaka gani? Je, tatizo lilikuwa udhaifu wa watu hao au mfumo wenyewe?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, Mwaustralia hampigii kura waziri mkuu. Humchagua mbunge wa jimbo lake katika Baraza la Wawakilishi, lenye wabunge 150 hivi, na chama au muungano unaopata wengi humo ndio unaounda serikali. Katiba iliyoanza kutumika mwaka 1901 haikitaji kabisa cheo cha waziri mkuu. Kwa hiyo kiti hicho kimo mikononi mwa wabunge wa chama chake, ambao wanaweza kukutana asubuhi, wakapiga kura ya siri nyuma ya mlango uliofungwa, na kufika adhuhuri nchi ikawa na kiongozi mwingine.

Ndivyo alivyoondoka Kevin Rudd wa chama cha Labor. Aliingia madarakani mwishoni mwa 2007 kwa ushindi mkubwa, akayaita mabadiliko ya tabianchi changamoto kuu ya kimaadili ya kizazi chake. Seneti, yaani baraza la juu la Bunge, ilipoukataa muswada wake wa kudhibiti hewa ukaa mwaka 2009, hakuirudisha hoja kwa wananchi, bali Aprili 2010 aliuweka kando. Mwezi uliofuata akatangaza kodi mpya kwa kampuni za madini, nazo zikamjibu kwa matangazo makali katika televisheni. Umaarufu wake ukaporomoka, na tarehe 24 Juni 2010 naibu wake, Julia Gillard, akachukua nafasi bila hata kura kupigwa, kwa kuwa Rudd aliona hana watu. Miaka mitatu baadaye wabunge wale wale walimwondoa Gillard, wakamrudisha Rudd, naye akashindwa na Tony Abbott wa chama cha Liberal katika uchaguzi wa Septemba 2013.

Abbott alikuwa amewadhihaki Labor kwa kulana wenyewe kwa wenyewe, lakini naye hakumaliza kipindi. Septemba 2015 Malcolm Turnbull, wa chama hicho hicho cha Liberal, alimshinda kwa kura 54 dhidi ya 44, na katika hoja zake alieleza kwamba serikali ya Abbott ilikuwa imeachwa nyuma katika kura za maoni 30 mfululizo, yaani tafiti za kuwauliza wananchi watamchagua nani. Huo ulikuwa mzani wa hatari kumpimia mwenzako, kwa sababu Aprili 2018 serikali ya Turnbull nayo ilitimiza kura za maoni 30 za kushindwa.

Wiki moja ya Agosti 2018 inaonyesha mambo yalivyokwenda. Jumanne ya tarehe 21 Turnbull mwenyewe aliitisha kura ya uongozi, akamshinda waziri wake Peter Dutton kwa 48 dhidi ya 35, tofauti ndogo isiyoweza kumtuliza mtu. Alhamisi serikali iliahirisha kikao cha Bunge mapema, huku wananchi wakitazama, ili wabunge wake waendelee na ugomvi wao. Turnbull akasema hataitisha kikao kingine mpaka aone barua yenye saini 43 kwa majina, yaani zaidi ya nusu ya wabunge wa chama. Saini ya 43 ilitiwa na mbunge mkongwe wa Queensland, Warren Entsch, naye akaandika kando ya jina lake kwamba ametia saini kwa ajili ya Brendan Nelson, kiongozi ambaye Turnbull alimpindua mwaka 2008. Kisasi cha miaka kumi! Ijumaa ilipofika, Dutton aliyeanzisha vurugu zote hakuambulia kitu. Waziri wa Hazina, Scott Morrison, alimpita kwa kura 45 dhidi ya 40, akawa waziri mkuu.

Kuhusu mfumo, naomba tusiulaumu upesi. Chini ya mfumo huo huo Robert Menzies aliongoza mfululizo tangu 1949 hadi 1966, na John Howard akakaa zaidi ya miaka kumi na moja. Kilichobadilika ni woga. Mbunge mwenye jimbo la ushindi mwembamba alisoma kura za maoni kila baada ya majuma mawili kama mgonjwa anayesoma joto lake, na kiongozi aliyejua kwamba anasomwa hivyo hakuthubutu kusimama na jambo gumu hadi mwisho. Suala la hewa ukaa ndilo shahidi mkubwa: Rudd aliliahirisha, Gillard alianzisha malipo ya hewa ukaa Julai 2012, Abbott aliyafuta Julai 2014, na Turnbull aliangushwa wiki ile ile aliyolegeza mpango wake wa nishati ili kuwaridhisha wapinzani waliomo ndani ya chama chake. Mwananchi aliyetaka hatua zichukuliwe na yule asiyezitaka, wote wawili walikuwa na sababu ya kuona wamechezewa.

Vyama hatimaye vilijifunga wenyewe kwa kanuni. Tangu 2013, Labor hudai saini za robo tatu ya wabunge wake kabla ya kumhoji waziri mkuu aliye madarakani, na tangu Desemba 2018 Liberal hudai theluthi mbili ili kumwondoa waziri mkuu aliyekiongoza chama hadi kikashinda uchaguzi.

SWALI: Kama kanuni zimebadilishwa na viongozi sasa wanamaliza vipindi vyao, mbona bado tunasikia kwamba wananchi wa huko wana kinyongo na serikali yao?
Msomaji, Nairobi

JIBU: Kwa sababu kukaa madarakani na kuwajibika ni mambo mawili tofauti. Morrison alimaliza kipindi chake, na ni katika miaka yake ndipo hasira ilipobadilika sura. Desemba 2019, moto wa nyika ukiteketeza kusini mashariki mwa nchi, ilibainika kwamba alikuwa mapumzikoni Hawaii na familia yake. Alipohojiwa na redio alisema si yeye anayeshika mpira wa kuzimia moto. Baadaye, katika mji mdogo wa Cobargo ulioungua, baadhi ya watu walikataa kumpa mkono mbele ya kamera.

Mnamo Agosti 2022, akiwa ameshashindwa uchaguzi, umma uligundua kwamba kati ya 2020 na 2021 alikuwa amejiteua kwa siri kushika pia wizara tano, ikiwemo Hazina. Waziri wa Hazina, Josh Frydenberg, hakujua kwamba ofisi yake ilikuwa na mawaziri wawili. Morrison alijitetea kwa dharura ya korona. Bunge lilimkemea rasmi Novemba mwaka huo.

Hata hivyo, kwa maoni yangu, jeraha kubwa zaidi ni lile linaloitwa Robodebt, kwa kuwa lilimfikia mtu wa chini kabisa. Serikali ilichukua mapato ya mwaka ya mtu kutoka mamlaka ya kodi, ikayagawa kwa 26, yaani kwa kila wiki mbili, kisha ikalinganisha na alichotangaza alipokuwa akipokea msaada wa serikali. Aliyefanya kazi nusu mwaka kwa dola 26,000, kisha akakosa kazi, alionekana kana kwamba alipata dola 1,000 kila wiki mbili mwaka mzima, hivyo akaandikiwa barua ya deni, arudishe msaada aliopewa. Ni yeye aliyetakiwa kuthibitisha kwa hati za mishahara ya zamani kwamba hesabu si sahihi. Dola bilioni 1.7 hivi zilidaiwa kwa njia hiyo kutoka kwa mamia ya maelfu ya watu, mpaka Novemba 2019 serikali ilipokiri mahakamani kwamba deni la namna hiyo halikuwa halali. Mbele ya tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Catherine Holmes, akina mama walisimulia kuhusu wana wao waliojiua baada ya kuandamwa na madeni hayo. Ripoti ya Julai 2023 iliuita mpango huo wa kikatili, usio wa haki wala wa kisheria. Mawaziri waliousimamia, mmoja baada ya mwingine, walisema hawakushauriwa ipasavyo. Hapo ndipo neno "udhaifu" linapostahili kutumika, kuliko kwa Turnbull aliyeangushwa na wenzake.

Ushindi wa Anthony Albanese wa Labor, aliyemshinda Morrison mwaka 2022, nao usikupotoshe. Mei 2025 Labor ilipata viti 94 kati ya 150, lakini kwa zaidi kidogo tu ya theluthi moja ya kura za chaguo la kwanza, kwa kuwa huko mpiga kura huwapanga wagombea kwa namba. Kura takriban moja katika kila tatu ilikwenda kwa vyama vidogo na wagombea binafsi.

SWALI: Mimi ni mzaliwa wa Kivu, sasa ni raia hapa Perth. Sheria inanilazimisha kupiga kura, na vyama vyote viwili vikubwa havinigusi. Nikiacha karatasi wazi, je, si ujumbe tosha? Na kumpa kura mgombea mdogo, si kuitupa?
Msomaji, Perth

JIBU: Ndugu yangu, hongera kwa uraia. Usipokwenda kituoni bila sababu ya kuridhisha utatozwa faini ya dola 20. Ukienda na kuacha karatasi wazi hakuna atakayekujua, kwa kuwa kura ni ya siri, lakini karatasi hiyo itahesabiwa pamoja na za watu waliokosea kuandika namba, na wala haitamnyima mtu usingizi huko Canberra, mji mkuu.

Swali lako la pili lina jibu zuri zaidi. Karatasi ya kijani, ya Baraza la Wawakilishi, hujazwa kwa kuwapa namba wagombea wote, 1 kwa unayempenda kuliko wote na kuendelea. Akitolewa huyo kwa kuwa na kura chache, kura yako haifi. Inahamia kwa uliyempa 2, na kadhalika, mpaka mmoja avuke nusu. Kwa hiyo mpe 1 mgombea mdogo umpendaye, kisha uamue kwa makini ni kipi kati ya vyama viwili vikubwa kitatangulia kingine. Karatasi nyeupe ya Seneti ni pana. Juu ya mstari, palipo na visanduku vya vyama, weka namba kuanzia 1 hadi angalau 6.

Usidhani majimbo ya wahamiaji hayawezi kuitikisa Canberra. Mwaka 2022, katika jimbo la Fowler magharibi mwa Sydney, Labor ilimleta Kristina Keneally, mwanasiasa mashuhuri aliyeishi upande mwingine wa jiji, katika jimbo iliyolihesabu kuwa lake. Wapiga kura wakamchagua Dai Le, mgombea binafsi aliyefika nchini akiwa mtoto mkimbizi kutoka Vietnam, na mwaka 2025 wakamrudisha tena.