Maswali na Majibu: Kila Mlezi Anapata 5, Tumekosea Wapi?

SWALI: Nasimamia mafunzo ya vitendo katika hospitali ya wilaya, Tanzania. Siku ya mwisho ya mzunguko tunawapa wanafunzi wa stashahada ya uuguzi dodoso wawapime walezi wao wa wodini, yaani wauguzi wanaowasimamia. Karibu wote wanajaza 5, alama ya juu kabisa, kila mahali, ilhali wodini tunaona wengine wakiachwa peke yao. Tumekosea wapi?

JIBU: Anzieni na siku yenyewe. Siku ya mwisho ndiyo mwanafunzi anayohangaikia saini kwenye logibuku, daftari la kazi alizofanya wodini, na mwenye kalamu ni yule yule anayepimwa. Hapo hamtapata ukweli hata dodoso liwe zuri namna gani. Saini zikamilike kwanza. Wanafunzi wajaze wakiwa wamerudi chuoni, bila jina, na karatasi zikusanywe na mtu asiyewapa alama. Mlezi aliyepimwa na wanafunzi chini ya watano, msimpe majibu yake mapema. Subirini kundi lijalo, la sivyo atawatambua kwa mwandiko au kwa tukio.

Kisha tazameni maswali. “Mlezi wako anafundisha vizuri?” huzaa 5 tu, maana linamtaka kijana amhukumu mkubwa wake. Ulizeni lililotendeka: wiki iliyopita, mlezi alikutazama mara ngapi ukifanya kazi tangu mwanzo hadi mwisho? Baada ya kazi alikwambia kipi urekebishe, siku hiyo hiyo? Alikurekebisha mbele ya mgonjwa au pembeni? Ulifanya kazi gani ukiwa hujawahi kuonyeshwa? Swali hili la mwisho lisikosekane, kwa sababu linagusa usalama wa mgonjwa.

Lipo dodoso la CLES+T, la kupima mazingira ya kujifunzia wodini na usimamizi wa mwanafunzi, la Mikko Saarikoski wa Finland na wenzake, lililochapishwa mwaka 2008. Lina vipengele 34, kila kimoja hujibiwa kwa 1 hadi 5. Tunalipenda kwa jambo moja: halimbebeshi mlezi kila kitu. Hali ya wodi, uongozi wa wodi, huduma kwa wagonjwa na kazi ya mkufunzi wa chuo hupimwa kila kimoja peke yake. Muuguzi mmoja mwenye wagonjwa thelathini na wanafunzi wanane hawezi kufundisha, na alama yake ndogo ni habari ya ikama, yaani uchache wa wauguzi, si ya uzembe wake. Kwa hiyo andikeni pia idadi ya wanafunzi na wauguzi kwa zamu.

Wastani nao hudanganya. Wanafunzi watatu wakitoa 5 na watatu wakitoa 1, wastani ni 3, na mtasema mlezi ni wa kawaida. Kumbe ana anaowashika mkono na anaowatelekeza. Someni mgawanyo wa majibu.

Dodoso peke yake halitoshi. Mlezi mwenzake au mkufunzi akae amwangalie akifundisha kazi moja, tuseme kuweka mpira wa mkojo. Je, alimuuliza mwanafunzi anajua nini kabla ya kufika kitandani? Alimwomba mgonjwa ridhaa? Aliuacha mkono wa mwanafunzi ufanye, au alinyang'anya vifaa kijana alipochelewa kidogo? Kunyang'anya ndiko tunakokuona sana, na mlezi mwenyewe mara nyingi hajui kuwa anafanya hivyo. Halafu fungueni logibuku chache: saini kumi na tano za tarehe moja kwa kazi za wiki nne ni dalili kwamba hakuna aliyetazamwa.

Majibu apewe mlezi faraghani, na mchague naye jambo moja la kurekebisha mzunguko ujao. Mkiyabandika ubaoni, dodoso lijalo litarudi na 5 tupu.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi. Mlezi wangu ananituma kupima presha kila siku, hanifundishi kitu kingine. Nimwandike kwenye dodoso?

JIBU: Usisubiri dodoso, mzunguko utakuwa umeisha. Chukua malengo ya wiki uliyopewa chuoni, mwendee mwanzoni mwa zamu, umwambie: “Sista, leo naomba unisimamie kufunga kidonda.” Taja kazi moja, na uombe kabla ya raundi ya madaktari. Siku mbili zikipita bila mabadiliko, mpelekee mkufunzi wako tarehe na kazi ulizofanya, bila kumshambulia mtu.