Jibu: Programu inahesabu kivuli cha mwembe kama mtu

Habari mkuu. Nimekusoma: mradi wako wa chuo unatumia MOG2 ya OpenCV (OpenCV ni maktaba ya programu za kuchakata picha; MOG2 ni njia yake ya kutenganisha kinachosogea na mandhari tuli) kwenye kamera ya geti, na mwembe ukitikisika kivuli chake kinahesabiwa mtu.

Kabla hujagusa kingine, angalia namba za nukta za picha inayotolewa na MOG2. Utambuzi wa vivuli ukiwa umewashwa, kivuli hupewa 127, kijivu. Kitu halisi 255. Wengi wetu tunahesabu chochote kisicho sifuri (mimi nilipoteza wiki nzima hapo). Tupa kila kilicho chini ya 200, kisha futa vidoa vidogo.

Mtu akisimama tuli naye anamezwa na mandhari. Kumbukumbu ya kawaida ya MOG2 ni fremu (picha moja moja za video) 500, yaani sekunde 20 tu kwa fremu 25 kwa sekunde. Iongeze.

Usiku ni habari nyingine. Infraredi (taa ya kamera ya usiku, ambayo jicho halioni mwanga wake) ikiwaka, picha nzima inabadilika kwa mpigo. Mimi naruka fremu yoyote iliyobadilika zaidi ya nusu, hadi itulie. Na panda ngazi na kitambaa: utando wa buibui mbele ya lenzi unang'aa mweupe kama shuka. Wa kwangu ulinipigia kengele saa nane usiku, siku tatu mfululizo.