Kizimwi Apiga Hodi: Hadithi za Halloween za Kumlaza Mtoto

Juzi dada mmoja wa Columbus, Ohio, huku Marekani, ameniandikia: "Dada, jirani kasimamisha kiunzi cha mifupa kirefu kufika paa. Mwanangu wa miaka minne tangu siku hiyo halali chumbani kwake. Wewe wako unawasimulia nini?" Swali limekuja wakati wake: ni msimu wa Halloween, ile sikukuu ya tarehe 31 Oktoba ambayo watu wanapamba nyumba kwa vitisho, na watoto wanavaa kama mazimwi wakiomba peremende mlango kwa mlango. Jumamosi iliyopita nilialikwa kusimulia hadithi kwenye maktaba ya mtaa wetu hapa Minneapolis, na katoto kamoja ka Kizungu kasikojua Kiswahili hata kidogo kalitoka pale kanazunguka rafu za vitabu, kanagonga, kanasema "hodi". Baba yake akaja kuniuliza nilimpa nini mwanawe. Jamani, nilivimba kichwa, sifichi.

Raha hiyo niliihitaji. Kuna mama mmoja kwenye grupu letu la WhatsApp aliwahi kuandika, mbele ya watu wote, kwamba kwa hadithi hizi za mazimwi ninawaingizia watoto mashetani ndani ya nyumba. Wengine wakaweka vile vikatuni vya mikono ya kusali. Sikujibu, lakini limenikaa rohoni mpaka leo. Nitajibu hapa.

Usherehekee Halloween au usisherehekee, mwanao atapita mbele ya nyumba ile ile akienda shule. Oktoba nzima mifupa iko kwenye nyasi, buibui wa plastiki wako madirishani, na ikifika tarehe 31 wenzake wote darasani wanazungumza peremende. Ukinyamaza, mifupa haiondoki. Mtoto anabaki nayo peke yake. Na sisi tulilelewa na nini? Bibi yangu kule Tanga, umeme ukikatika tu, anaanza zimwi lenye jicho moja linalotafuna watoto watoro, mifupa inalia kra kra. Halafu anatuambia tukalale! Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Basi kazi ya mzazi ni kuwafanya mtoto na zimwi wajuane.

Wa kwangu wa mwisho aliogopa zaidi yale maputo makubwa yanayojazwa upepo na feni. Jirani yetu ana moja, pepo jeupe lenye mdomo wazi. Usiku linayumba na taa ndani yake. Asubuhi moja nikamtoa mtoto mapema, kabla jirani hajawasha feni. Pepo lilikuwa chini, limejikunja kwenye nyasi zenye umande, jicho moja linatazama juu. Mwanangu akaliangalia weee, kisha akanong'ona: "Mama, amelala." Hadithi yangu yote ilitoka hapo.

Inakwenda hivi. Paukwa! Pakawa! Hapo kale palikuwa na kizimwi kidogo kisichoweza kulala, kwa sababu shuka lake jeupe limefuliwa na halijakauka. Anaona baridi. Anakwenda nyumba ya kwanza: "Hodi!" Mtoto anaitikia: "Karibu!" Anapewa soksi. Nyumba ya pili, hodi, karibu, anapewa uji wa moto. Nyumba ya tatu kofia ya sufu, ya nne blanketi. Kila mlango sauti yangu inashuka, na ya mtoto inashuka nayo, bila mimi kumwambia. Nyumba ya mwisho anapiga hodi ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Ya tatu, kimya. Na sisi tumefundishwa: hodi tatu zisipojibiwa, ondoka, wenyewe wamelala. Basi kizimwi na blanketi lake anarudi kwao, na yeye akalale.

Ukiniuliza siri ni nini, ni sauti. Shusha sauti. Wazazi wengi wanasimulia kama watangazaji wa mpira, halafu wanashangaa mtoto anaruka kitandani. Sauti ishuke. Pia usimuulize katikati "unaogopa?", maana hapo umemkumbusha. Na zimwi lazima liwe na shida ya kitoto: baridi, njaa, jino linalotikisika. Mtoto akishalionea huruma, halimtishi tena.

Ile hadithi ya asili ya taa za maboga, ya Jack wa Ireland, iache mpaka wawe wakubwa. Jack alimlaghai shetani, akafa, akakataliwa peponi na motoni pia, akabaki kuzurura gizani na kaa la moto ndani ya tanipu, mzizi wa mviringo unaoliwa kama mboga. Waireland walichonga tanipu kweli. Boga walilikuta Marekani, wakaona ni kubwa na rahisi kuchonga. Mimi nimeipenda sana, lakini mtu asiye na pa kwenda milele si wa kumpa mtoto usiku. (Na yale maboga makubwa ya kuchonga usijaribu kuyapika kwa nazi. Ni maji matupu na nyuzi. Mbegu zake kaanga.)

Dada wa Columbus, lile jitu la jirani mpeni jina leo hii. La mtaani kwetu tunaliita Mzee Mbavu, na wanangu wakipita wanaliamkia: "Shikamoo, Mzee Mbavu." Marahaba naitikia mimi, kwa sauti nzito. Na wewe itikia, hata kama majirani wanakuangalia. Tunataka watoto wanaojua Kiswahili, sivyo? Basi Kiswahili kifanye kazi, kisibaki cha kugombeza tu.

Anza wiki hii, usingoje tarehe 31. Usiku ule wamejaa sukari na hawasikii la mtu. Na fanya haraka, maana Jumapili ya kwanza ya Novemba saa zinarudishwa nyuma, na hapo hakuna hadithi itakayokuokoa: mtoto ataamka saa kumi na moja alfajiri akidai chai.