Warren Moon alianzia Kanada

Wapo wanaosema Warren Moon, kwotabeki (mchezaji anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira) wa futiboli ya Marekani, alikwenda Kanada baada ya kushindwa NFL, ligi kuu ya mchezo huo Marekani, na kwamba hakuwahi kucheza Super Bowl, fainali ya ligi hiyo. Hapana, hakwenda Kanada baada ya kushindwa NFL. Kanada ndiko alikoanzia kucheza kwa kulipwa. Januari 1978 aliiongoza timu ya Chuo Kikuu cha Washington kuifunga Michigan 27–20 kwenye Rose Bowl, mechi kubwa ya vyuo, akawa mchezaji bora wa mechi, lakini timu za NFL zilimtaka ahame nafasi, aache ukwotabeki. Enzi zile kwotabeki mweusi aliambiwa hivyo mara nyingi tu. Akagoma, akasaini Edmonton, timu ya ligi ya Kanada, na kwenye drafti ya NFL (timu zinapochagua wachezaji wapya) ya mwaka huohuo hakuchaguliwa na timu yoyote.

Huko akabeba Grey Cup, kombe la ubingwa wa ligi ya Kanada, mara tano mfululizo, 1978 hadi 1982 (ingawa miaka ya mwanzo alikuwa akipokezana na kwotabeki mwenzake Tom Wilkinson, kwa hiyo zote tano si zake peke yake). Ndipo Houston Oilers, timu ya NFL, wakamchukua 1984, na alicheza NFL hadi msimu wa 2000, akiwa na miaka 44!

Mwaka 2006 aliingia Ukumbi wa Heshima wa futiboli ya Marekani kule Canton, Ohio, kwotabeki wa kwanza mweusi kufika hapo. Super Bowl ndiyo hakuwahi kuicheza, hapo wanaosema hivyo wako sahihi.