Jibu: SOPA na PIPA zilitaka nini hasa?

Mkuu, umeuliza kama blogu yako ya kupakua nyimbo, unayoiendesha hapo Mwanjelwa, Mbeya, ingeguswa na SOPA na PIPA, ile miswada ya Marekani ya 2011 ya kupambana na usambazaji wa kazi za watu mtandaoni bila ruhusa. Kama nyimbo unaziweka bila ruhusa, ingeguswa, tena wewe ndiye hasa waliyekuwa wanamlenga: tovuti iliyo nje ya Marekani, yenye wasomaji walio Marekani.

SOPA ilikuwa ya Baraza la Wawakilishi, PIPA ya Seneti. Mwanasheria Mkuu wao angepata amri ya mahakama, kisha kampuni za intaneti za huko zizuie jina la tovuti yako na injini za utafutaji zikufute.

Penye maumivu zaidi ni pesa. Kwa SOPA ya mwanzo, mwenye hakimiliki angeweza kuandika barua tu, bila hakimu, na kampuni za malipo na matangazo zikawa na siku 5 kukukatia, usipowasilisha pingamizi.

Kuzuia jina kwenyewe ni ujanja dhaifu. Ni sawa na kufuta jina la mtu kwenye simu yako: namba yake bado inaita. Anayejua anwani ya IP, yaani namba ya tovuti kwenye mtandao, mara nyingi anaingia. Mafundi pia walilalamika kwamba kungegongana na DNSSEC, mfumo wa usalama unaohakikisha kuwa anwani unayopewa ukiandika jina la tovuti haijachezewa.

Wikipedia ya Kiingereza ilijifunga tarehe 18 Januari 2012 kupinga miswada hiyo, siku mbili baadaye miswada ikawekwa kando.

Ila usishangilie: Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 ya hapa kwetu Tanzania bado inakuhusu. Pata ruhusa ya msanii kwa maandishi kabla hujapandisha wimbo.